Pengo Juu ya Slaidi

Kazi iliingia saa nane usiku, wakati Wamarekani wako macho na mimi nimelala na simu kifuani. Maneno 1500. Mada: jinsi ya kuziba mapengo ya vilengeo visivyotumika kwenye slaidi ya bastola ya mashindano. Malipo dola 15. Muda saa 24. Nikabonyeza kukubali kabla sijaelewa nimekubali nini, kwa sababu ukichelewa sekunde kumi kuna mse mwingine huko Juja au Kahawa anaichukua.

Ndiyo riziki yangu hiyo. Ninawaandikia watu nisiowajua mambo nisiyoyafanya. Nimeandika jinsi ya kusafisha bwawa la kuogelea, na sijui kuogelea. Nimeandika jinsi ya kuchagua tairi za theluji, na theluji nimeiona kwa friji tu. Hata akaunti ninayotumia si yangu, nimeikodi kwa jamaa. Mteja anaona jina lake na picha yake, na kila mwisho wa mwezi namkatia sehemu yake. Lakini bastola? Bastola nimeziona kiunoni mwa polisi, na mara moja ndani ya matatu, usiku, mkononi mwa kijana aliyetuambia tutoe simu. Siku hiyo sikupata nafasi ya kukagua vilengeo.

Basi nikasoma mpaka alfajiri. Kuna mchezo mzima wa kulenga shabaha kwa bastola huku unakimbia, na chama chake cha kimataifa, IPSC, kilianzishwa mwaka 1976 huko Columbia, Missouri. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini yanayomaanisha usahihi, nguvu na kasi. Katika mashindano mengi yao, alama ulizopata zinagawanywa kwa sekunde ulizotumia. Ukipiga vizuri polepole, unashindwa na aliyepiga vizuri haraka.

Kasi hiyo ndiyo iliyobadilisha bastola zao. Bastola ya kawaida ina vyuma viwili vidogo vya kulengea juu ya slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma na kwenda mbele kila risasi inapotoka. Kimoja kiko mbele, kingine nyuma. Mlengaji anapaswa kupanga cha nyuma, cha mbele na shabaha vikae mstari mmoja, ilhali jicho la binadamu haliwezi kuona vitu vitatu vya umbali tofauti kwa ukali sawa. Kwa hiyo wengi wamehamia kwenye kioo kidogo chenye nukta nyekundu. Unaangalia shabaha tu, nukta inakuja yenyewe. Katika daraja linaloitwa Open, kioo hicho hufungwa kwenye fremu ya bastola, si kwenye slaidi, ndiyo slaidi irukeruke nacho kitulie.

Sasa wale vyuma wawili hawana kazi. Wanatolewa. Na mahali walipokuwa wamekaa panabaki pengo.

Nikaandika hayo yote vizuri, kwa Kiingereza kilichopigwa pasi, nikatuma saa tatu asubuhi na kulala. Nilipoamka nilikuta mhariri wao ameirudisha na sentensi mbili: hii imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kushika tupa. Rudia, la sivyo hatulipi.

Kilichoniuma ni kwamba nimewahi kushika tupa. Nilisomea uhandisi wa mitambo miaka miwili na nusu. Mwaka wa pili tulikuwa na karakana kila Alhamisi, na mkia wa njiwa niliuchora mwenyewe kwa penseli, pembe zote zikiwa na digrii 60, nikapata alama 17 kati ya 20. Mwaka wa tatu baba alifariki, karo ikasimama, na muhula wa pili nikanyimwa kadi ya mtihani. Nilisema nitarudi mwaka ujao. Sasa nina miaka 26.

Lazima nieleze pia kwa nini dola 15 zile, ambazo ni karibu shilingi 1,900, zilikuwa tayari na mwenyewe.

Nyumbani kwetu Vihiga, kwenye ukuta wa sebule, kuna misumari mitatu. Baba aliipigilia siku moja, mwaka nilioingia chuo, akapima kwa uzi ili ikae sawa. Wa kushoto una picha ya dada yangu mkubwa akiwa na joho, cheti kimefungwa utepe mwekundu mkononi. Wa kulia una picha ya mdogo wangu, naye na joho, anacheka mpaka meno yote yanaonekana. Wa katikati ni msumari tu. Dada alikuwa anaolewa Desemba, na wakwe wangekaa kwenye sebule hiyo wakiangalia ukuta huo.

Wiki moja kabla ya ile kazi ya bastola, mama alikuwa amenipigia simu. Akazunguka kwanza na habari za mahindi na za ng'ombe wa jirani, kisha akasema, "Si majoho hukodishwa huko Nairobi? Kodi moja, upige picha tu, tuweke. Nani atauliza cheti harusini?"

Nikamwambia nitaangalia. Kisha nikaenda kuuliza studio moja mtaani. Joho, kofia, karatasi nyeupe iliyoviringishwa kama cheti, picha kubwa na fremu yake: 1,800. Mpiga picha aliniuliza nataka utepe wa rangi gani. Hakushangaa hata kidogo, nikajua si mimi wa kwanza.

Kwa hiyo nilihitaji kazi ile ilipwe. Na mtu mmoja tu ninayemjua anaweza kuniambia ukweli kuhusu chuma. Nikatoka kwa keja pale Umoja, nikatembea hadi Kariobangi, kwa mjomba.

Mjomba ana kibanda pale Light Industries, katikati ya watu wa kuchomelea na watu wa masufuria. Ndugu yake mama, wa kumfuata. Ana mashine moja ya kukereza vyuma aliyoinunua kuukuu kabla sijazaliwa, na huniita mwiwa, kama ilivyo kwetu kwa mtoto wa dada. Nilipomwambia nataka kujua habari za bastola, alizima mashine.

"Mwiwa, umeingia kwa mambo gani?"

Nikamwonyesha simu. Akasoma polepole, miwani ikiwa imeteremka puani, kisha akacheka.

"Hiyo ni mkia wa njiwa tu. Lakini nikuambie: hapa hakuna bastola itakayoingia. Hata ya mwenye leseni. Kuna watu wa kazi hiyo wenye kibali cha serikali, na mimi si mmoja wao. Tutachonga kwa chuma cha kawaida, na wewe utaenda kuandika."

Akanivuta hadi kwenye mashine yake. Akaniambia niiname niangalie chini ya ile sehemu inayobeba kisu cha kukatia, inayosogea kwa mkono wa kuzungusha. Nikaona. Chuma kimekaa juu ya chuma kingine kwa umbo la mkia wa njiwa, chini pana, juu pembamba, hivi kwamba kinateleza mbele na nyuma lakini huwezi kukinyanyua. Miaka miwili na nusu ya chuo nilichora umbo hilo, na wakati huo wote lilikuwa kwenye mashine ya mjomba ambayo nilikuwa nikiikalia nikinywa soda.

"Pengo la bastola yao ni kama hili, ila ni dogo," akasema. "Kitu kinaingia kwa ubavu. Hakiwezi kutoka kwa juu."

Akachukua kipande cha chuma cha unene wa kidole na kukifunga kwenye jiriwa. Tulikuwa tumesoma pamoja kwenye simu kwamba pengo moja la kawaida la kilengeo cha mbele lina upana wa milimita nane na kidogo, kina cha karibu milimita mbili, na pembe za digrii 65. Akalichonga karibu na hapo kwa msumeno na tupa, kwa jicho na kwa kalipa, dakika 40 hivi. Kisha akanikabidhi kipande cha alumini na kusema, "Sasa ziba."

Yale niliyomwandikia mhariri baadaye niliyajifunza kwenye saa tatu zilizofuata, na mengi niliyajifunza kwa kuyakosea.

Kwanza niliuliza kwa nini mtu azibe. Pengo halidhuru mtu, bastola inafanya kazi. Mjomba akanishika kidole na kukipitisha kwenye ukingo wa mkia wa njiwa aliouchonga. Ulikuwa kama wembe. Mlengaji hushika slaidi kwa mkono na kuivuta nyuma, tena kwa haraka. Ukingo huo utamchana. Utashika nguo. Masizi ya baruti na mafuta yataingia humo na kukaa. Na ukingo wenyewe, kwa kuwa ni mwembamba na hauna kitu cha kuuegemea, ukigongwa utapinda, na siku mwenye bastola akitaka kurudisha vilengeo vyake, havitaingia tena. Hilo sikuwa nimelifikiria. Kizibo kinalinda nafasi.

Pili, uzito. Chuma cha pua kina uzito karibu mara tatu ya alumini, ukubwa ukiwa sawa. Kizibo cha alumini cha mbele hakifiki hata gramu moja, cha chuma ni gramu mbili na kitu. Unaweza kusema gramu mbili ni nini? Lakini slaidi inakimbia na kurudi kila risasi, na watu wa Open huipunguza slaidi uzito na kuchagua springi kwa makini ili irudi haraka bila kurusha nukta juu. Ukiongeza kitu juu ya kitu kinachokimbia, umegusa mwendo wake. Ndiyo maana wengi huchagua alumini, au hata plastiki ngumu.

Tatu, kuingiza. Nilichonga alumini yangu, nikaijaribu, ikagoma. Nikachonga tena pembeni, ikapwaya mpaka ikaanguka yenyewe sakafuni. Mjomba hakusema kitu, alinipa kipande kingine. Safari hii akanionyesha tupa yake ya pembe tatu. Upande mmoja ameusaga meno yote mpaka ukawa laini kama kioo.

"Upande huu haukati," akasema. "Ukiwa unachonga chini, usije ukala ubavu bila kujua. Chonga chini ya kizibo. Ubavu uache."

Akachukua kalamu ya wino mzito, akapaka wino kizibo chote. Kila nilipokisukuma ndani na kukitoa, wino ulikuwa umefutika mahali pale tu panapobana. Hapo ndipo nilipochonga, tupa mbili tatu, basi. Kisha wino tena. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa kidole gumba: kizibo kiingie theluthi moja kwa nguvu ya kidole, theluthi mbili zilizobaki ziingie kwa nyundo ndogo na kipande cha shaba katikati, ili chuma kisigonge chuma. Kwenye bastola, kawaida kinaingizwa kutoka kulia kwenda kushoto ukiwa umesimama nyuma yake, na kutolewa kwa njia ileile kilikopita.

Kilipoingia cha tatu, kilitoa sauti fupi, nzito. Nikapitisha kidole. Bado kilikuwa kimechomoza juu kidogo.

"Usikisugue kikiwa humo," akasema. "Utachubua rangi ya slaidi ya watu. Piga mstari, kitoe, kimalizie nje."

Nikapiga mstari. Na hapo ndipo nilipopata wazo nililoona ni la maana.

"Mjomba, na tukikiacha kichomoze? Tukichonge kiwe na umbo la kilengeo. Mtu akiona bastola aone imekamilika."

Alikuwa anajipangusa mikono kwa kitambaa. Akaniangalia.

"Ukiweka kitu kinachofanana na cha kulengea, siku moja mtu atakilengea. Na hakijapimwa."

"Lakini mwenyewe anajua ni cha uongo."

"Mwenyewe leo anajua. Kesho ameuza. Ama ni giza, ama kioo kimezima betri, ameshtuka. Macho yatatafuta chuma. Yatakiamini." Akachukua kizibo changu na kukilaza kiganjani. "Kizibo kikae sawa na slaidi. Mtu akiona aseme, hapa palikuwa na kitu, sasa hapana, jamaa analenga kwa njia nyingine. Hakuna aibu hapo."

Nikanyamaza. Nikauliza kama si rahisi zaidi kuchomelea tu, kwa kuwa jirani yake alikuwa anachomelea geti mita tano kutoka kwetu na cheche zinaruka. Akatikisa kichwa. Slaidi imepikwa kwa moto maalum kiwandani ili iwe ngumu. Moto wa kuchomelea utaiharibu ugumu, pengine utaipinda. Na hata isipopinda, pengo hilo limefungwa milele. Gundi ya skrubu ya buluu, ile inayoachia ukitumia nguvu kidogo, tone moja linatosha. Ile nyekundu ni ya vitu usivyotaka kuviona tena, mpaka uvichome moto ndiyo vitoke.

"Kwani unajua kesho atataka nini?" akasema.

Tulikunywa chai ya rangi na mandazi kwa mama wa kona. Mjomba anajua habari za msumari. Mama ni dada yake. Nikamwambia habari za joho. Hakunishauri kitu. Alisema tu, "Dada yangu amechoka kuulizwa," na baadaye kidogo, "Wewe pia." Kisha akarudi kazini, kwa sababu mtu wa posho mill alikuwa anangojea shafti yake.

Usiku ule niliandika upya. Nilianza na usalama, kama inavyopaswa: toa magazini, hakikisha chemba ni tupu kwa macho na kwa kidole, ondoa slaidi kabisa kwenye fremu kabla ya kugusa tupa. Nikasema msomaji asome kanuni za daraja analoshindania, maana kinachoruhusiwa kwenye Open kinaweza kukutoa kwenye daraja lingine. Nikaeleza wino, kidole gumba, tupa yenye upande usiokata. Nikaandika ile habari ya kitu kinachofanana na kilengeo, kwa Kiingereza, nikiwa na vumbi la alumini bado kwenye kucha. Sikumtaja mjomba. Kazi hizi hazina mahali pa kumtaja mtu.

Mhariri alijibu kwa neno moja la sifa na nyota tano. Nyota hizo ziko kwenye akaunti ya yule jamaa, chini ya picha yake. Nilizitazama muda mrefu kuliko inavyofaa.

Doo ilipoingia kwa simu nilikuwa kwenye matatu, nikielekea mtaa ule wa studio. Nilishuka. Nikasimama nje, ambapo wametundika picha za watu wenye majoho, na nikajaribu kukisia nani alisoma na nani alikodi. Sikuweza. Ndiyo maana picha zile zinauzika. Lakini mimi ningejua, na mama angejua, na kila mgeni ambaye angeniambia hongera angekuwa analenga kwa kitu ambacho hakijapimwa. Mwaka ujao ningeulizwa nafanya kazi kampuni gani. Mwaka wa kufuata, mtoto wa jirani angeletwa kwangu nimtafutie nafasi. Na iwapo siku moja nitapata karo nirudi nimalize, picha hiyo nitaishusha nikiwaambia nini?

Nilimpigia mama palepale barabarani. Nikamwambia sitapiga. Nikamwambia nimeacha chuo, neno ambalo kwa miaka minne tulikuwa tukilizunguka kwa "bado" na "akirudi". Alinyamaza. Nilisikia kuku wake nyuma. Kisha akasema ana sufuria motoni, akakata. Wiki mbili hatukuongea, na katika familia yetu wiki mbili ni nyingi. Sitasema nilijisikia mwepisi. Nililala vibaya, na pesa za studio niliila kwa kodi ya nyumba.

Desemba nilifika nyumbani siku mbili kabla ya wageni. Mama alinipokea kwa mikono miwili, akaniuliza kama nimekula, akanituma viti kwa jirani kabla sijakaa. Nilipoingia sebuleni na viti viwili kila mkono, niliinua macho kwa mazoea.

Dada kushoto, na joho. Mdogo wangu kulia, na joho. Katikati, kwenye msumari wa baba, kalenda ya chama cha akina mama, yenye picha ya ng'ombe wa maziwa na miezi kumi na miwili chini yake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni, mikono ina unga.

"Nilichoka kuona msumari," akasema. "Na watoto walikuwa wanajikwaruza."

Nikamwambia inapendeza.

"Ni kalenda tu," akasema. "Inatoka." Akarudi jikoni.